Kuku Bila Kichwa kwenye Banc ya Shasha

Ukitoka Sake unaelekea Minova, ukifika Shasha utaona banc yetu mbele ya duka ya Katembo, na kama hukuiona basi ulipita umelala. Ni ubao mumoja murefu juu ya mawe, na kando yake Kaswera anaweka thermos zake za kahawa na karanga yake ya kukaanga. Wapita njia wanatuangalia vibaya, wanasema siye tuko watu bila kazi. Wasituchokoze. Kazi tuko nayo, tena kubwa: hapa njo fasi samaki ya Shasha inajulikana kama iko ya leo ao ya jana. Ile sambaza, samaki zetu ndogo za ziwa, yenye inapanda Masisi, yenye inafika mpaka Walikale kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate, wamama wenye kuinunua wanapitisha kwanza beseni hapa kwetu. Wanauliza, tunaangalia, tunanusa, tunasema. Tangu ninakaa hapa hakuna muntu aligonjwa na samaki yenye tulisema iko muzuri. Ninajivuna? Ndiyo, ninajivuna. Kwenu muko na banc gani yenye inaweza kusema hivyo?

Siku hiyo tulikuwa wote. Kulikuwa Papa Habineza, mwenye tunaita Expert, juu amekausha sambaza maisha yake yote na pua yake inajulikana mpaka Minova. Kulikuwa Katembo mwenye duka, muntu wa Butembo, tunamuita Douane: hakuna muzigo unapita barabarani bila yeye kuuliza unatoka wapi na unaenda kwa nani. Kulikuwa Eugène, fundi wa pikipiki, jina yake hapa ni Piston. Na mimi wananiita Radio, sijue juu ya nini, maana mimi husema kidogo tu.

Kahawa ilikuwa ingali ya kwanza wakati Mama Anastasie alitokea na karto nyeupe ya frigolite kwenye kichwa, ile nyepesi yenye watu wa mujini wanalindia baridi. Alikuwa amevaa kitenge ya misa, na haikukuwa siku ya misa.

— Jambo yenu, wapapa.

— Jambo, Mama Ngabo, Expert akajibu. Unaenda wapi na urembo yote hii?

— Siendi fasi. Leo njo wanakuja. Mama ya Francine anatoka Mpofi, atafika saa ya chakula.

Wote tulijua uzito wa neno hilo. Ngabo, mutoto wake wa kwanza, anachimba Omate, na kule njo alimupata Francine, binti wa Mpofi. Familia mbili zilikuwa zimekwisha kusemezana na telefone. Kulibakia kitu kimoja: mama ya binti aje aangalie na macho yake nyumba yenye mutoto wake ataingia, ale hapo, arudi kwao, aseme ndiyo ao hapana. Na Mama Anastasie alimutaka ule binti sana. Alituambia mwenyewe, bila haya, kama Francine akipiga telefone anamusalimia yeye kwanza, kiisha njo anaulizia Ngabo.

— Na ndani ya karto kuna nini? Douane akauliza. Huyo hawezi kukawia kuuliza.

— Kuku. Nicole, mutoto wangu, ameituma toka Goma na gari ya alfajiri.

— Umetuma watu wakutafutie kuku Goma, Mama? Piston akasema.

— Ningeipata wapi? Hujui kama ugonjwa wa kupinda shingo umemaliza kuku zote za Shasha? Hata jogoo ya padiri imekwenda.

— Si ungemupikia samaki?

Expert akamuangalia Piston mpaka Piston akaona haya.

— Samaki ni chakula ya kila siku. Mugeni wa namna hiyo anakula kuku. Ukimupatia sambaza, umemuambia kama hukumungojea.

Mama Anastasie akashusha karto kwenye banc, katikati yetu, akafungua. Ndani mulikuwa kuku moja kubwa, nyeupe, ngumu, imefungwa na plastike, bila nyoya, bila miguu, bila kichwa. Tuliinama wote.

— Wapapa, ninaogopa, akasema. Munakumbuka ile matanga ya kule mulimani, kuku ya frigo, ya barafu, ililala njiani, wakaipika vilevile, watu wakaharisha mpaka wakamusahau marehemu. Kama mama ya Francine akitoka kwangu ameshika tumbo, Ngabo amemukosa ule binti, na ni mimi nitakuwa nimemukosesha. Nikiitupa, nimetupa jasho ya Nicole, na ingine sina. Nyinyi munajua vitu. Muniambie tu: nipike ao nisipike?

Sitasema uongo, moyo wangu ulinenepa. Kuna watu wa kanisa, kuna muganga, kuna walimu wa shule, na huyu mama alipita kwao wote akaja kwetu.

— Acha hapa, Expert akasema. Umefika kwa wenyewe.

— Nicole amesema nipike mara moja, nisiiache ikae.

— Haraka ya nini? Douane akasema. Muntu akiniambia nile kintu mbio mbio, mimi ninamuuliza kwanza anaficha nini.

— Ni mutoto yangu, Papa Katembo.

— Mutoto yako hana neno. Mimi ninasema ule mwenye alimuuzia.

Mama Anastasie akabaki anaangalia karto, kiisha anatuangalia siye.

— Basi ninaenda kufagia na kutafuta kuni. Nitarudi kusikia.

— Enda na roho pole, nikamuambia. Hapa haiwezi kupotea.

Alipoenda, Expert akapanguza mikono kwenye suruali, akatoa plastike, akaibeba kuku juu. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Nilimuona anatafuta kintu na hapati.

— Samaki, akasema, kwanza unafungua shavu. Ukikuta wekundu ndani, ni ya leo. Ukikuta rangi ya udongo, rudisha. Kiisha unaangalia jicho kama limesimama. Sasa hii kuku nitafungua wapi? Jicho iko wapi?

— Nilisema, Douane akasema. Muzigo bila papiers, bila karatasi hata moja. Muntu mwenye kutoa kichwa anajua juu ya nini anaitoa. Kichwa kingesema maneno yote.

— Maneno gani?

— Iliugua nini. Ilikufa lini. Kuku yenye kufa vizuri inafunga macho. Yenye kufa vibaya inafungua. Walitoa kichwa juu ilikuwa imefungua.

Piston akaomba ruhusa. Akatoa kwenye mufuko ufunguo yake ya chuma, ya kukazia boulon za pikipiki, akapiga kuku kwenye kifua. Ko, ko. Ililia kama ubao.

— Munasikia? Hii imekwama. Moteur ya pikipiki ikikosa mafuta inakwama hivi hivi, huwezi kuizungusha. Nyama ya muzima haigongeki.

— Ni barafu, Kaswera akasema, anamimina kahawa.

— Barafu inafika mpaka kwenye mufupa?

Kaswera naye alikuwa na yake ya kusema. Akaweka thermos chini, akaja kusimama juu ya karto, mikono kwenye kiuno.

— Mimi ninaangalia nzi, akasema. Kwetu kwenye soko hatudanganywi. Nyama yenye wametia dawa, nzi wanaikimbia. Nyama ya Mungu, nzi wanakuja. Angalieni: kuna nzi hata mumoja?

Tuliangalia. Nzi walikuwa kwenye karanga, walikuwa kwenye sukari, walikuwa kwenye kikombe ya Douane. Kwenye kuku hapana hata mumoja.

— Eeh, tukasema wote.

Expert akaleta pua yake karibu, ile pua yenyewe. Akavuta pumzi muda murefu. Akageuza kuku, akavuta upande ingine.

— Haina harufu, akasema pole pole.

— Kabisa?

— Kabisa. Mimi niko na miaka mingi katika kazi hii. Samaki ya leo inanuka ziwa. Ya jana inanuka jana. Kila kintu chenye kuliwa kiko na neno la kusema. Hii imenyamaza.

Na mimi, juu nisibaki nyuma, nikasema kama rangi yake hainipendezi. Ilikuwa nyeupe sana. Nikasema hii ni kuku yenye haikuona jua hata siku moja, ilizaliwa ndani, ikakulia ndani, ikafia ndani. Ilibidi ione jua.

Sasa hapa njo ninataka usikilize muzuri, maana watu wa Minova wanapenda kugeuza hii sehemu. Siye watu wa Shasha, kintu kikitutia mashaka, tunakiweka juani. Ni desturi yetu. Sambaza ikitoka majini na umechelewa kuiuza, juani. Ikinyeshewa, juani. Jua njo lilitusomeshea watoto, jua njo lilitujengea nyumba za mabati. Kwa hiyo Expert aliposema «tuipeleke juani, ijiseme yenyewe», hakuna hata mumoja aliona ajabu. Mimi mwenyewe nilibeba ile kuku, nikatandika kipande ya wavu kwenye mwisho wa banc, fasi kivuli haifiki, nikailaza mugongo chini. Karto tukaifunga, tukaikalia.

Mama Anastasie akarudi na kuni kwenye kichwa.

— Iko aje?

— Bado inaficha, Expert akasema. Lakini haitatushinda.

— Mbona mumeiweka inje?

— Mama, nani anajua kazi hapa?

Akatuangalia, akaangalia jua. Alikuwa ametuamini. Akaenda kuwasha moto.

Kaswera akafungua thermos ingine, na siye tukaendelea, maana muntu hawezi kungojea na kinywa tupu.

Douane akaanza. Alisema yeye anajua hizi kuku, ameona karto zao Butembo. Zinatoka ngambo ya bahari, zinakaa kwenye meli mpaka zinasahaulika. Alisema hii tunayoiona hapa ilikufa mbele Ngabo aanze kutembea.

— Ngabo ana ndevu, Piston akasema.

— Njo ninakuambia.

— Na miguu? nikauliza. Miguu wanapeleka wapi?

— Miguu haikukuwa, Piston akasema. Nilimusikia dereva mumoja. Kule kuku hazitembei. Zinalala kwenye chuma, zinalishwa, zinalala. Sasa kintu chenye hakitembei miguu ni ya nini? Inajiacha yenyewe.

Expert akatikisa kichwa namna ya muntu mwenye kukubali.

— Na mimi ninaenda mbali, nikasema. Kichwa chenyewe hawakukikata. Angalieni hapa kwenye shingo, imefungana muzuri, haina kidonda. Hizi wanazizaa bila kichwa.

— Radio, zinakula na nini? Kaswera akauliza.

— Sindano.

— Zinaona wapi?

— Kwenye giza unaona nini, Kaswera? Hata uwe na macho.

Kaswera akafikiri. Akasema kama ni hivyo, basi njo maana nzi wanaogopa: nzi anatafuta macho kwanza, akikosa anajua hii si nyama ya kweli. Douane akasema sasa tunaelewana. Piston akasema kwa hiyo haiko kuku, ni kintu chenye kufanana na kuku. Nilifurahi sana. Banc ingine wangesema «imeoza, haikuoza», wakaenda kulala. Siye tulifika mpaka kwenye shina.

Mama Anastasie akarudi tena, unga kwenye mikono.

— Wapapa, maji iko moto. Niambieni sasa.

— Kidogo tu, Mama. Inaanza kuongea.

Na kweli ilikuwa inaanza. Maji ilikuwa inatiririka kwenye wavu, inaanguka chini tone kwa tone. Piston akapiga tena na ufunguo. Haikulia. Ufunguo uliingia kidogo na ukarudi.

— Imefunguka, akasema. Moteur inazunguka.

Rangi yake nayo ilibadilika. Ule weupe wenye ulinitia mashaka ukaenda, ikaja rangi ya kijivu kidogo kwenye mabawa, rangi ya kintu chenye kuishi. Nikawaonyesha. Douane, mwenye kukataa kila kintu, akasema ndiyo, sasa inafanana na muzigo wenye kujulikana. Kiisha Kaswera akapiga mikono.

— Nzi wanakuja.

Alikuja mumoja, akazunguka, akakaa kwenye paja. Akaita wenzake. Tulisimama tuwaangalie. Hakuna mwenye aliwafukuza, tungewafukuza namna gani, ni wao walikuwa wanatutolea ushahidi.

Expert njo alikuwa wa mwisho, sawa desturi. Akainama na pua yake. Akavuta. Akasimama, akatuangalia mumoja mumoja, na ninakuambia macho yake ilikuwa na maji.

— Inanuka, akasema. Inanuka kuku.

— Nguvu?

— Ya kutosha. Sasa imesema jina lake. Mama Anastasie apike bila woga.

Tulipeana mikono. Nilijisikia muntu. Nilifikiria ile mama ya Mpofi akikaa kwenye meza, akikula, akisifu, bila kujua kama kuna watu wenye waliichunguza kuku yake kuliko wanavyochunguza dhahabu Omate. Nikasema kama Ngabo ataoa, ataoa juu yetu.

Njo pikipiki ikafika kutoka upande wa Sake, ikasimama mbele ya duka, ikashusha mama mumoja. Alikuwa muntu murefu, amefungia kichwa kitambaa ya bluu, yenye vumbi ya safari ndefu. Akalipa dereva, akakunguta nguo, akatuuliza kama anaweza kukaa kidogo apumzishe mugongo.

— Karibu, Mama, Expert akasema. Hapa kila muntu anakaa. Kaswera, mupatie kahawa.

Expert mwenyewe akamupokelea kikombe kwa Kaswera, akakipanguza na kidole, akamupatia. Ule mama akaangalia kikombe, akaangalia mukono wa Expert, akakiweka chini ya banc pole pole bila kukinywa.

— Munauza kuku? akauliza.

— Hapana. Tunachunguza, nikamuambia.

— Munachunguza nini?

Basi nani angenifunga kinywa? Nikamuelezea yote. Nikamuelezea banc ni nini, Expert ni nani, sambaza inaenda mpaka wapi. Nikamuelezea kama kuna mama wetu hapa, anapokea leo mugeni mukubwa, na mbele ya kumupikia alileta kuku kwetu kwanza. Nikamuambia ilifika ngumu namna ya kutisha, haina harufu, haina hata nzi, na siye hatukulala: tukaiweka juani mpaka ikalainika, ikanuka, ikakubaliwa. Wenzangu walikuwa wanaongeza kila mumoja sehemu yake. Piston akamuonyesha ufunguo. Ule mama alisikiliza mpaka mwisho, hakutukata maneno hata mara moja, alikuwa anaangalia tu kuku, nzi juu yake, na kivuli ya duka yenye sasa ilikuwa imejikunja yote chini ya mulango.

— Wapapa, akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima. Imekaa hapa juani kuanzia saa ngapi?

Nilifungua kinywa nijibu, maana jibu ni langu kila siku. Nikamuangalia Expert. Expert alimuangalia Douane, juu Douane njo anajua kila muzigo umeingia lini. Douane akaangalia barabara. Piston akarudisha ufunguo kwenye mufuko. Kaswera akashika thermos moja, akaitikisa, ilikuwa tupu, akashika ingine, ilikuwa tupu, akashika ya tatu, na yenyewe tupu: kahawa ya asubuhi muzima ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tunajua kuku ilizaliwa namna gani, ilikufa lini, ilipita meli gani. Hiyo ya saa hatukuijua.

Nyuma yetu Mama Anastasie alikuwa amekuja na beseni.

— Haya, leteni, akasema. Mumesema iko muzuri?

Akamuona ule mama. Alikuwa na picha yake kwenye telefone, Francine alikuwa ameituma ile wiki. Beseni ikamushuka mukononi mpaka kwenye goti.

— Mama Libérata, akasema. Mumefika.

— Nimefika mbele ya saa. Nilipata pikipiki ya mbio.

Nilisema kila kintu kwa mugeni mwenyewe, na mudomo wangu huu. Mama Anastasie akapita katikati yetu, akafukuza nzi, akaweka mukono kwenye kuku. Akauacha hapo kidogo.

— Iko moto, akasema.

— Mama, Expert akasema chini chini, ukiitia pilipili mingi, na limau...

— Na bicarbonate, Douane akasema. Nikupatie bure.

— Ukichemusha muda murefu hakuna kintu kinabaki ndani, Piston akasema.

Mama Anastasie alikuwa anamuangalia Mama Libérata. Alikuwa anaweza kuichukua tu, aingie nayo jikoni, aseme alichosema Expert. Mugeni hawezi kukataa sahani ya watu kwenye ziara ya kwanza, ni matusi, angekula na kunyamaza. Wote wawili walijua hiyo.

— Mama, Mama Anastasie akasema, mutoto yangu alituma hii kuku juu yako. Alisema nipike mara moja. Mimi niliogopa, nikaileta hapa, nikaiacha. Kosa si lao, ni miye niliacha. Ninasikia uchungu sana, juu nilitaka ukule kuku kwangu, na ingine sina. Lakini hii sikupatii. Kama mutasema Mpofi kama kwa Ngabo mugeni alilala njaa, museme. Hamutasema kama nilimugonjesha nikiwa ninajua.

Akaishika kuku na plastike, akaitia kwenye beseni, akamuambia Piston aende kuchimba shimo nyuma ya duka, ndefu, mbwa wasiifikie. Piston alienda nayo mbio. Kiisha Mama Anastasie akamuomba Kaswera maji na sabuni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatusukumia ile maji na sabuni, na siye, wazee wazima, tukanawa kwa zamu.

Mama Libérata alikuwa hajasimama. Alisubiri mpaka wa mwisho amenawa. Njo akasimama, akafunga tena kitambaa yake.

Sasa kwetu, mama ya binti akija kuangalia nyumba, anakaa salon, chumba ya wageni. Anaangalia kuta, anaangalia bati, anakula chenye wanamuletea, anaaga. Jikoni hafiki. Jikoni ni ya watu wa nyumba, mugeni ataona jiko siku mutoto wake amekwisha kuwa muntu wa pale. Hata mutoto mudogo wa Shasha anajua hiyo, na wa Mpofi anaijua.

— Mukwe wangu, Mama Libérata akasema, nionyeshe jiko lako. Tutaona kama tutakosa cha kupika, miye na wewe.

Mama Anastasie akafunika uso na kitenge ya misa, akalia hapo hapo mbele ya duka, akiwa anacheka. Kiisha akamupokea mugeni mufuko wake, wakashuka pamoja njia ya ziwa, wanaongea tayari namna ya watu wenye kujuana zamani. Kile walipika hatukukionja, maana hakuna mwenye alikuja kutuita.

Francine iko hapa Shasha sasa. Anapita kila asubuhi mbele ya banc, anatusalimia na heshima, na hakawii hapa na beseni yake ya samaki. Watu wa Minova wanacheka wakituona, wanatuuliza saa ngapi. Waache wacheke. Siye tunajua chenye tulifanya: kama si banc hii, ile kuku ingepikwa asubuhi, wangekula, wangeshiba, mama ya Francine angeaga na heshima zote, na mpaka leo hangekuwa ameona jiko.